Babu, shehe na mukono wa kanzu

Zaituni we! Nimetoka kwa bibi sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unajua babu Rajabu alikuwa fundi wa kushona nguo mu kartie ya Mbugangari, miaka ya hamsini. Bon, siku ya ndoa yake, baba ya bibi akamupa mukono mbele ya shehe: "Nimekuozesha binti yangu." Watu wote wanangoja aseme amekubali.

Babu iko anaangalia kanzu ya mukwe! "Muzee, huu mukono wa kanzu umeshonwa kinyume."

Kinyume, Zaituni! MBELE YA SHEHE!

Mukwe akasimama amufukuze.

Bibi akacheka nyuma ya pazia: "Baba, muache. Huo mukono niliufumua nikaushona kinyume mi mwenyewe. Nilitaka kujua kama ni fundi kweli, ama anavaa tu metre ya kupimia shingoni. Angenyamaza, ningemukataa."