Chandarua cha Mtoto Kimenuka Samaki

Mume wangu,

Sisi wazima. Mtoto ameota jino la pili, ila mwili umejaa madoa ya mbu. Chandarua chake nilikikuta jana ziwani, kwenye matete wanakozalia samaki. Mdogo wako alikuwa anakikokota.

Nikamwambia, "Shemeji, hivyo vifaranga havimtoshi hata paka!"

Akacheka. "Shemeji, kikaangoni haviulizwi umri."

Ndipo akanitajia aliyempa ruhusa. Kumbe ni wewe, kwa simu! Wewe uliyetuacha ukaenda kutafuta kazi mbali kwa sababu hapa samaki wamekwisha!

Nilimnyang'anya, nikavimwaga majini. Nusu vilielea vimekufa. Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Chandarua nimekifua mara tatu, nimekishona, na mtoto atakilalia hivyo hivyo na harufu yake. Mpigie mdogo wako ukishasoma tu barua hii, umkataze kwa mdomo wako mwenyewe. Kisha urudi na wavu wa macho makubwa, vifaranga vipite. Mwanetu akikua nataka avue hapa hapa nyumbani, asiwe mtu wa kuandikiwa barua kama wewe.

Nakupenda bado, ila leo usinijaribu.

Mama mwanao