Kitovu cha Mtoto wa Furaha

Berea, Jumanne

Huyu mdogo wangu Furaha ataniua kwa ubishi. Alisafiri kutoka Bukavu na mimba ya miezi minane ili mtoto azaliwe hapa Johannesburg, awe raia. Nilimwambia kwenye simu kwamba kuzaliwa hapa hakutoshi. Binti yangu Neema kazaliwa hapa, Kizulu chake kinashinda Kiswahili chake, na bado anaitwa mgeni. Hakunisikia.

Wateja wangu saluni wanasema wanaokuja kuzalia hapa ni wezi. Mama kumtafutia mwanawe amani, huo ni wizi? Lakini na wenyeji wanaojipanga foleni kliniki tangu alfajiri, nao...

Leo kitovu cha mtoto kimedondoka. Nikasema tukakizike kwenye bustani ya chini, mbele ya jengo.

"Hapana, dada," akasema, akikifunga kwenye kitambaa. "Hiki nitakizika Bukavu, kwa baba. Mtoto lazima awe na kwao."

Eish! Nilitaka kumcheka. Nikashindwa.

Cha Neema kimo kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Mwaka wa tisa huu, sijakizika huku wala kule.