Sementi Haikula Moto

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba, na safari hii ni zake kweli, sijamsemea. Natumaini barua itawakuta wazima, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo. Baba magoti yanamsumbua, ila mdomo uko vilevile.

Gereji ipo. Ukiingia leo utadhani ulitoka jana: harufu ileile ya grisi, ovaroli yako kwenye msumari wake, na ule ubao wa betri chini ya dirisha, umebonyea katikati. Unazikumbuka sheria za mzee? Boliti haikazwi na mtu mwenye hasira. Hiyo bado naifuata, imeniokoa mara nyingi. Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa betri isiwekwe sakafuni, eti sementi inakula moto, betri inaisha chaji. Hiyo, kaka, ilinikaa kooni miaka yote.

Mwezi uliopita nikamwomba tuijaribu. Betri mbili mpya, aina moja, moja ubaoni, nyingine kwenye sementi. Alicheka mpaka akakohoa, akasema mimi na vitabu vyangu tutaua betri ya watu. Kila Jumamosi alipima mwenyewe, miwani puani. Wiki ya nne zilikuwa sawasawa. Akalaumu kipimo. Akaenda kuazima cha jirani mchomelea vyuma, nacho kikasema yaleyale. Basi akaketi juu ya tairi, akisugua sakafu kwa kidole.

Nilijua anawaza nini. Ile betri ya gari la mkunga. Uliiweka chini sakafuni usugue kutu kwenye vichwa vyake vya kuungia waya, kisha ukashinda madukani ukitafuta waya mpya. Mkunga aliporudi kuchukua gari, betri haikuwa na moto hata wa kuwasha taa, na baba akakwambia mbele ya watu kwamba mkono usiosikia sheria si mkono wa fundi. Ukatundika ovaroli, ukaondoka. Miaka kumi na tisa sasa.

Akaniuliza polepole kama labda betri za zamani zilikuwa tofauti, zilivuja, labda zile sementi ilizila kweli. Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea bila kujua. Ningeitikia tu, yangeisha.

Kaka, nilishindwa. Nilimwambia aliyeila ile betri ni mimi. Ulipotoka niliiunga kwenye redio ya stoo na zile spika kubwa, nikasikiliza nyimbo mchana kutwa, kisha nikairudisha palepale ulipoiacha. Nikasimama nyuma ya mlango, nikasikia unavyofukuzwa, nikanyamaza. Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na spana ulinifundisha kushika wewe. Nisamehe, kaka yangu. Naona aibu hata kuiandika.

Baba hakunigombeza. Alisema: "Mwandikie kaka yako. Mwambie sementi haikuwa na kosa, wala yeye." Akainuka kwa shida, akaitoa ovaroli yako msumarini, akaifua kwa mikono yake. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza. Imeanikwa uani, naiona nikiandika, na baba ameketi karibu nayo, anaigeuzageuza ikauke.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto. Njoo, hata kama ni kuja kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
yuleyule wa redio