Chumvi ya Majivu

Jumatatu, 3 Machi
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote, na waganga watatu walioapa kwamba sifikishi mvua nyingine.

Leo vikombe viwili vya maji. Daftari hili nimepewa na nesi, niandike maji ninayokunywa na mkojo ninaotoa. Maji nitaandika. Mkojo siandiki. Mimi si mtoto.

Figo zimechakaa, eti. Ngiri nayo imeshuka kama kibuyu, siwezi kuinama. Mvua zinakaribia kwisha, intumba, matuta yetu ya kulimia, sijalima hata moja. Mimi niliyekuwa nafukia majani kwa matuta mpaka wenzangu wanakaa chini kupumua! Masanja, Msukuma wa ng'ombe, anapita anatazama majani ya shamba langu kama ya kwake. Nataka nipasuliwe.

Jumatano, 5 Machi
Daktari wa upasuaji ni kijana. Viganja laini kama vya bibi harusi. "Shikamoo babu." Nikamwitikia kwa vile nina adabu.

Eti tukiiacha ngiri, utumbo unaweza kubanwa ukaoza. Tukipasua, figo zinaweza kugoma kabisa. Damu ya mtu wa figo haigandi vizuri. Dawa ya usingizi inachelewa kutoka mwilini. Moyo unaweza kusimama. Maneno mengi. Jembe hajawahi kushika.

Kupasuliwa Jumatano ijayo. Chumvi niache.

Ijumaa, 7 Machi
Chakula bila chumvi ni cha ng'ombe. Lakini mimi si mjinga. Marehemu mama alipikia chumvi ya majivu: unachoma maganda ya maharage, unachuja majivu kwa maji, basi. Kijana kakataza chumvi ya dukani. Ya majivu hakuitaja. Hata haijui.

Nimechuja chupa nzima. Binti yangu Yustina yuko Majengo kwenye biashara yake, hana habari. Maharage matamu sana.

Jumatatu, 10 Machi
Miguu mizito. Vidole vinatambaa sisimizi. Ni mvua tu hii.

Jumatano, 12 Machi
Hawakunipasua.

Walishanivua nguo. Wakapima damu tena, kijana akarudi mbio. "Babu, umekula nini?" Ugali. "Na nini?" Maharage. Wakanibandika nyaya kifuani. Moyo unaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Eti potasiamu imejaa kwenye damu, wangenilaza nisingeamka. Nikawaambia mashine yao mbovu.

Yustina akapekua kikapu changu. Akatoa chupa, akainusa. "Baba! Majivu haya! Unataka nikuzike?" Mbele ya manesi. Binti niliyemzaa.

Kijana akavuta kiti. Akasema majivu yana potasiamu tele, figo mbovu haziwezi kuitoa, na kosa ni lake, hakuuliza tunapikia nini. Nilikuwa tayari anitukane nimjibu. Hakunitukana. Nimechukia zaidi.

Ijumaa, 14 Machi
Wamenisafisha damu kwa mashine. Kwa muda wa saa nne nimelala kama gogo. Chupa imemwagwa. Maji vikombe viwili.

Jumatano, 19 Machi
Juzi wamenipasua. Ganzi ya mgongo. Walikuwa wanabishana habari za mpira huku wananishona, wapumbavu.

Tangu hapo mkojo haujatoka. Tone hakuna. Kijana anakuja kutazama kopo, anaondoka, anarudi. Hasemi. Yustina hasemi. Siku zote nimewaambia wanyamaze, leo wamenisikia.

Naogopa. Nimeandika.

Alhamisi, 20 Machi
Maji: kikombe kimoja.
Mkojo: nusu kikombe.

Masanja kaja kunisalimu. Anasema mvua bado ipo, ardhi bado laini. Nimemwambia ng'ombe wake wakae mbali na majani yangu.

Asiyeamini hiyo nusu amuulize Yustina, ndiye aliyeshika kopo. Au yule kijana wa viganja laini, aliyelipeleka dirishani akalitazama kwenye mwanga kama mtu anayekagua asali.