Mgongo Wangu kwa Radio

Jumatatu, 6 Aprili 1964
Nimefua, nimeanika. Kuinama ninaweza, kuinuka ndiyo kazi. Kiunoni kunawaka, moto unashuka mguu wa kushoto. Mwanangu Furaha analilia kubebwa mgongoni. Nimeshindwa. Nikalia naye. Baba yake alipanda meli Kalundu kwenda Kigoma, tangu hapo kimya.

Jumatano, 8 Aprili
Munganga wa hospitali amenigonga mgongo. Anaogopa kifua kikuu kimeingia mfupani. Nipite kwa radio, amesema. Jirani yangu Mama Sifa akacheka: "Weye! Basi mpaka Bujumbura watasikia habari ya mgongo wako." Nami niliamini hivyo. Kumbe ni mashine ya kupiga picha ya mifupa.

Ijumaa, 10 Aprili
Mama mkwe amefika kutoka Runingu. "Kama iko kifua kikuu, mutoto nitaenda naye minye mwenyewe." Si mtu mbaya. Leo namchukia.

Jumanne, 14 Aprili
Nimepita kwa radio. Meza baridi. Walisema nivue kila kitu. Shanga za kiuno sikuvua. Mama yangu alinifunga, za kuonwa na mume tu. Nikajilaza nazo chini ya shuka.
Picha ina madoa meupe, palepale panapouma. Munganga amekunja uso. Mama mkwe anakunja nguo za Furaha.

Jumatano, 15 Aprili
Usingizi hakuna. Aibu au mtoto? Asubuhi nimerudi, nikamnong'oneza mtawa wa pale: madoa ni shanga. Hakucheka. "Zivue haraka, mama. Mazutu ya mashine iko inaisha." Waasi wako uwandani, magari ya mafuta hayapiti tena. Wamenipiga picha ya pili.

Alhamisi, 16 Aprili
Mfupa haukuliwa. Hakuna kifua kikuu. Mifupa miwili ya chini imekaribiana sana, inabana mshipa wa mguu. Nilale chali, nisibebe kitu mgongoni. Furaha anabaki kwangu. Furaha anabaki.
Nilipomweleza habari ya shanga, mama mkwe alinitazama sana. "Ungeniambia. Shanga ningezifungua minye mwenyewe." Amenitwangia muhogo, ameondoka peke yake.

Jumapili, 19 Aprili
Barabara ya Runingu imefungwa. Mama Sifa amevukia Burundi na watoto wake. Uani hakuna sauti.
Nimelala chali mkekani, Furaha juu ya kifua. Hajazoea upande huu. Ananitazama usoni mpaka anafumba macho.