Firigisi za Ubaskini

Mama Mmbone, mke wangu uliyeko Chekalini,

Barua hii sikuifunga. Najua itapita kwa kaka yako, kisha kwa mama yako, kisha kwa majirani wote wanaokuja kuomba chumvi, na kila mmoja ataisoma kabla haijakufikia wewe. Waache wasome. Waliokuona ukishuka na sanduku lako wameshasikia upande wako, basi wasikie na wangu. Sikuandikii kuomba msamaha. Nakuandikia kwa sababu nina wivu, na huu wivu haunipi usingizi.

Unakumbuka tulivyoondoka? Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila nchi ilitaka kutuona tunafananaje. Padri wetu wa misheni, ambaye kwao ni kule kwa Wabaski, milimani Wafaransa na Wahispania wanapopakana, aliwaambia watu wa kijiji chake kwamba Kakamega kuna ngoma ya isukuti ambayo masikio yao hayajawahi kuisikia. Wakakialika kikundi chetu kwenye sikukuu yao ya kiangazi. Mimi wa kupiga, wewe wa kucheza. Watoto tukawaachia mama yangu. Kwenye ndege ulinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi, ukaniambia, "Baba Mmbone, hii kitu ikianguka, usiniache." Nikakuambia sitakuacha. Baada ya hapo hukunishika tena mpaka tuliporudi.

Kijiji chenyewe kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Mvua inanyesha jua likiwa linawaka, milima ya kijani, na mahindi! Nani angedhani Mzungu analima mahindi mpaka mlangoni? Ukasema, "Hapa ni kama msituni Buyangu, ni vile tu walikata miti." Nyumba nyeupe zimetundikwa pilipili nyekundu ukutani, shada juu ya shada, nawe ukasimama kuzitazama kama mtu aliyefika kwao. Siku ya sikukuu watu wote walivaa nyeupe na kitambaa chekundu shingoni. Mama mmoja mzee akakufunga na wewe. Mimi hakuna aliyenifunga.

Nilifurahi pia, usiseme sikufurahi. Wale wanaume walioinua mawe mpaka begani nao wakipumua kama fahali! Na kondoo dume wawili walipogongana vichwa uwanjani nilipiga kelele kama niko Khayega siku ya kupiganisha mafahali, hata padri akanivuta koti. Tulikula mkate wao mwembamba wa unga wa mahindi umekunja soseji ndani, tukala jibini ya maziwa ya kondoo na jamu nyeusi ya matunda. Kile kinywaji chao cha tufaha wanakikinga kwa gilasi kikiruka kutoka kwenye pipa, wamepanga foleni wakicheka. Wewe kilikumwagikia kifuani. Watu watano walikimbia na vitambaa kukufuta. Watano! Nikasema moyoni, haya, ni ugeni tu huo.

Kisha akaja yule mtu wa filimbi. Mkono mmoja filimbi, mkono mwingine anagonga kangoma kadogo kanakoning'inia kiwikoni. Sisi tulikuwa tumemaliza kupiga isukuti, mikono yangu inawaka moto, nimekaa kupumzika. Nageuka, naona mke wangu yuko katikati ya uwanja anarukaruka na Wabaski, kwa kangoma kale! Kangoma ambako kwetu hata mtoto angekakataa. Na ulikuwa umeshika hatua zao, wallahi, kama umezaliwa nazo. Miaka yote hiyo ulikuwa unacheza ngoma yangu peke yake.

Lakini hayo yote ningemeza. Lile la mpishi ndilo lililonikwama kooni.

Wanaume wa kule wana nyumba yao ya kupikia. Wanaume! Wanakutana, wanafunga aproni, wanapika wenyewe, na wake zao hawaingii. Siku hiyo wakafungua mlango kwa ajili yetu sote. Yule bwana mnene mwenye kofia pana kama sahani alikuwa amepika kuku kwa nyanya na pilipili tamu nyekundu, na harufu yake sijaisahau. Na kabla ya kuku akaleta sahani ya firigisi zilizokaangwa. Akaipita meza nzima. Akampita mwenyekiti wa kikundi chetu. Akanipita mimi, mume. Akaiweka mbele yako.

Kikundi chote kikanigeukia. Nani asiyejua kwetu firigisi ni ya nani? Baba yangu alikula firigisi mpaka meno yakamwisha, na mama hakuwahi kuonja hata mchuzi wa kuku, sembuse hiyo. Mimi nilichoelewa ni kwamba mtu huyu ananiambia mbele za watu kuwa nyumba hii haina mwanamume. Nikasimama. Mwenyekiti akanivuta suruali. "Kaa chini, hawa watu hawajuangi."

Padri akatafsiri maneno ya mpishi: "Anasema aliyecheza hivyo amechoka, anastahili kula vizuri."

Na mimi niliyepiga? Sikuchoka?

Ulinitazama kidogo. Nilifikiri utasukuma sahani ije kwangu, na ungefanya hivyo mambo yangeishia hapo. Ukachukua firigisi moja, ukala. Ukachukua ya pili. Mpishi akakuuliza kwa mikono kama ni tamu, ukatupa kichwa nyuma ukacheka, mafuta yakiwa bado mdomoni.

Kicheko kile nakijua. Ndicho nilichokisikia Khayega kabla sijakuona uso, ukiwa na wenzako nyuma ya umati, fahali wa mjomba wangu alipokimbia vita. Nilikufuata kwa sababu ya kicheko hicho, nikakuoa kwa sababu hiyo. Sasa niambie, Mama Mmbone, ni lini umekicheka nyumbani kwangu? Nimekaa hapa Shirere natafuta, sioni. Akaja Mzungu mwenye aproni, hajui hata jina lako, akakipata kwa sahani moja.

Ndiyo maana siku ile kwa mama, Krismasi, maneno yale yalinitoka. Kuku amechinjwa, wajomba wamekaa, mama ameniletea firigisi yangu kama kawaida, nawe ukasema mbele ya wote, "Mimi kule nilikula mbili, na sikufa." Wajomba wakanitazama mimi, si wewe. Nikakuambia, "Basi nenda kwa mpishi wako." Ulikunja kanga zako, ukamwachia mama watoto, ukaenda kwenu. Ningependa ungenijibu.

Watoto nimewachukua kwa mama, wanaulizanga kila siku. Mmbone anasema mama ameenda kuvuna mahindi kwa babu, na mimi sijamkatalia. Karakana yangu iko wazi, naranda mbao, natengeneza viti vya watu, na katikati ya kazi naona ile kofia pana imeinama mezani kwako. Nimemchukia mtu ambaye hakunitendea lolote. Nimechukia pilipili. Majirani wakipika kuku natoka nje. Je, unamfikiria? Usinijibu hilo. Au nijibu, sijui.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Padri amepata habari kutoka kwao. Wanatutaka tena kiangazi hiki, ila nafasi ni chache, kila nyumba mtu mmoja. Jumapili baada ya misa tulikutana, na mwenyekiti hakuniuliza hata, akaanza kutaja jina langu, kwa sababu ngoma haijipigi.

Nikamwambia, "Mtaje Mama Mmbone."

Wakacheka wote. Mwenyekiti akasema, "Wewe! Utamwachilia aende peke yake kwa yule wa firigisi?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya pili, kama sijamsikia. Nikasema ndiyo, na ngoma apige binamu yangu, ana mikono. Kisha nikatoka, kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na sikutaka kuwapa la kusimulia.

Basi nafasi ni yako. Ukitaka kutokea Chekalini uende moja kwa moja, nenda, nitamwambia padri akupitie huko. Kula kila watakachokuwekea. Cheka utakavyo, mimi sitakuwepo kukukodolea macho. Usidhani nimepona. Siku zote utakazokuwa huko nitakuwa nachemka hapa, na mtu akinitajia Ubaskini asinilaumu nikimtukana.

Nakuomba jambo moja. Lazima watakuuliza mume wako yuko wapi, maana wananikumbuka, ndimi yule niliyesimama mezani. Waambie amebaki nyumbani na watoto. Usiwaambie huna.

Mumeo, kama bado unaniita hivyo,
Baba Mmbone
Shirere, Kakamega