Mlango wa Chuma

Jumatano, Agosti 1974

Hatimaye nimemwambia Nyamizi. Miaka thelathini nimemkwepa, na sasa kamati ya kijiji imetupa viwanja jirani.

Alinikuta jioni naezeka. "Kaka," akasema, "tumehama Ntalikwa tumeacha makaburi ya wazee wetu. La kaka yangu Maganga liko nchi gani?"

Niliporudi kutoka vitani nilimwambia mama yao kwamba Maganga alikufa kwa homa hospitalini, akazikwa vizuri. Leo uongo ule ulinishinda.

Nikamweleza kwamba meli yetu ilikuwa ya kubeba pamba, na vita vilipokuja wakaifungia mizinga na kuijaza mabomu. Mimi na Maganga tulikuwa tunachochea makaa chini kabisa. Siku tuliyopigwa, mimi nilikuwa nimepanda juu kupunga upepo. Bahari ikaanza kuingia kule chini, na ofisa akaniamuru nifunge mlango wa chuma ili meli isizame. Nikaufunga. Tulifika bandarini watu zaidi ya mia, wazima. Maganga alikuwa nyuma ya ule mlango.

Nyamizi hakulia. Alikaa juu ya mzigo wa nyasi.

"Aligonga?" akauliza.

"Hapana. Maji yaliingia haraka mno."

Akanishukuru, akaenda kupika. Sijui kesho nitamtazamaje.

Aligonga. Aliniita kwa jina, kwa Kinyamwezi, na mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye komeo.